Kanisa la kale la kijijini na chakula cha Jumapili katika baa: nimpeleke wapi mama?

MwanaMuheza anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu mnaoishi Uingereza. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini kwangu lina uzito.

Mwezi ujao mama yangu anakuja London kunitembelea kwa mara ya kwanza, akitokea Muheza. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 72, Mwanglikana aliyebatizwa Magila, karibu na Muheza, na kulelewa katika taratibu za misheni ile ya kale ya UMCA, yaani misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, kwa ubani, kengele na Misa ya kila Jumapili. Tangu tukiwa watoto alikuwa akituambia kwamba, kama Mungu angemjalia kufika Uingereza, asingetamani kuona majumba ya kifalme wala maduka, bali kanisa moja la kijijini, la aina ile walikokulia mapadri waliomfundisha bibi yake kusoma. Nimeahidi kwamba Jumapili moja nzima itakuwa yake, bila haraka na bila simu ya kazini.

Wenzangu kazini, ambao ni wenyeji, wanasema Jumapili ya namna hiyo hukamilika kwa chakula cha mchana katika baa ya kijiji. Hapo ndipo ninaposita. Mama hanywi pombe, ni kiongozi wa akina mama kanisani kwake, na kwake yeye neno baa humaanisha muziki wa kupasua masikio, moshi wa sigara na wanaume wanaoikimbia familia. Kumtoa madhabahuni na kumpeleka moja kwa moja mahali pa pombe, siku ya Bwana, kunaweza kuonekana kama kumvunjia heshima. Isitoshe, mimi mwenyewe niliwahi kuingia katika baa moja ya kijijini mwaka wangu wa kwanza hapa, nikaketi kwenye meza karibu nusu saa nikisubiri mhudumu ambaye hakuja, kisha nikaondoka na njaa na uchungu, nikiamini kwamba nimebaguliwa. Sijarudi tena mahali pa aina hiyo.

Kwa hiyo naomba mnielekeze kanisa gani linafaa, likiwa si mbali sana na London kwa sababu sina gari, na mama hawezi kutembea zaidi ya nusu saa bila kupumzika. Pia mniambie kwa ukweli kama baa ya kijiji ni mahali pa kumpeleka mama mwenye heshima zake.

Mkaazi wa Essex anajibu:

Ndugu MwanaMuheza, mfikishie mama shikamoo yangu kabla hata hajapanda ndege. Usihangaike kutafuta mbali: mpeleke Greensted, pembeni mwa mji mdogo wa Chipping Ongar, katika jimbo la Essex. Nimekwenda huko mara tano au sita, kila mara siku ya Jumapili, na kila nikirudi huona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza.

Kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted ni dogo kuliko makanisa mengi ya mitaa ya kwetu. Kuta za sehemu wanamokaa waumini ni magogo 51 ya mwaloni, yaliyopasuliwa kwa urefu na kusimamishwa wima bega kwa bega, upande wa mviringo ukitazama nje na upande bapa ukitazama ndani. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba magogo hayo yaliwekwa mwaka 845, lakini uchunguzi wa pete za ukuaji uliofanywa mwaka 1995 ulionyesha kwamba miti hiyo ilikatwa kati ya 1063 na 1108, yaani katika kizazi kile kile kilichoshuhudia Wanormani wakiitwaa nchi. Hata kwa umri huo uliopunguzwa, mara nyingi huhesabiwa kuwa kanisa la mbao la kale kuliko yote duniani, na chini ya sehemu ya madhabahu zimepatikana alama za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia kwa karne kadhaa. Walioikarabati nyumba hiyo katikati ya karne ya 19 walikuta miguu ya magogo imeoza, wakaikata na kuyasimamisha upya juu ya msingi wa matofali. Mwambie mama ainame kidogo aone mahali mbao zinapokutana na tofali. Sehemu ya madhabahu ni ya matofali ya enzi za wafalme wa Tudor, na mnara mdogo wa mbao nyeupe una kengele yenye mwaka 1618.

Ninayo sababu nyingine, na nadhani hii itamgusa mama zaidi kuliko umri wa mbao. Katika barabara kuu ya Chipping Ongar kuna kanisa dogo la madhehebu ya wale waliojitenga na Anglikana, na hapo hapo vimo vyumba alimoishi David Livingstone kati ya 1838 na 1839, alipokuwa kijana anayejifunza umisionari chini ya Mchungaji Richard Cecil. Hakuwa mwanafunzi hodari. Siku moja alitumwa kuhubiri katika kijiji jirani cha Stanford Rivers, akasoma fungu lake, kisha maneno yote yakampotea. Akawaambia waumini kwamba amesahau alichotaka kusema, akatoka mbio. Taarifa ya mwalimu wake ilikuwa mbaya kiasi kwamba ilibaki kidogo tu akataliwe, ila akaongezewa muda wa majaribio. Kijana huyo ndiye ambaye Desemba 1857 alihutubia Cambridge na kuwaamsha wale walioanzisha UMCA, misheni iliyomlea mama yako. Njia ya kutoka Magila kurudi nyuma hadi chanzo chake inapita katika barabara ile ya Ongar.

Kuhusu safari, panda treni ya chini ya ardhi ya Central hadi kituo cha mwisho, Epping, kisha chukua basi la kwenda Ongar, mwendo wa kilomita kama kumi. Angalia ratiba ya Jumapili usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu mabasi hupungua sana. Zamani treni hiyo ilifika Ongar penyewe, lakini kipande hicho kilifungwa mwaka 1994, na sasa watu wanaopenda reli za kale huendesha humo treni za mvuke katika baadhi ya siku za mwisho wa wiki. Kutoka mjini hadi Greensted ni njia ya miguu, kama kilomita moja na nusu, iliyonyooka kati ya mashamba. Kwa mwendo wa mama, ukiweka vituo viwili vya kupumzika, itakuwa matembezi mazuri. Kama mvua imenyesha, avae viatu vya kufunga, kwa sababu udongo wa huku hunata.

Mkifika, someni mapema tangazo la ibada kwenye ubao wa nje. Makanisa ya vijijini siku hizi huunganishwa kadhaa chini ya kasisi mmoja, na ibada huzunguka, kwa hiyo msiende kwa kubahatisha ikiwa mama anataka kushiriki Misa.

Shangazi wa Suffolk anajibu:

Mwanangu, nimefanya kazi jikoni katika baa ya kijiji huku Suffolk kwa miaka tisa, na mimi pia ni mama wa kanisani. Naomba nijibu lile swali la pili, kwa sababu naona ndilo linalokusumbua.

Kwanza niondoe ule uchungu wako wa zamani. Katika baa nyingi za huku mhudumu haji mezani kuchukua oda. Mteja huchagua meza, huangalia namba iliyoandikwa juu yake, kisha huenda mwenyewe kaunta, hutaja namba hiyo, huagiza na mara nyingi hulipa papo hapo. Ndipo chakula huletwa. Hakuna foleni inayoonekana, lakini kila mtu anajua nani alitangulia, na mhudumu hufuata zamu hiyo kwa uaminifu mkubwa. Mgeni anayeketi kimya hudhaniwa kwamba anamsubiri mwenzake, na wenyeji, kwa ile adabu yao ya kutomwingilia mtu, wanaweza kumwacha hapo hadi jua lizame. Siwezi kuapa kwamba siku ile hukubaguliwa, maana ubaguzi upo na tumeuonja, lakini ulivyoeleza wewe ni jambo ninaloliona kila mwezi likiwapata Wafaransa, Wajerumani na hata Wamarekani.

Sasa kuhusu heshima ya mama. Neno lenyewe la Kiingereza, pub, ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya umma, na siku ya Jumapili mchana ndivyo ilivyo hasa. Utakuta babu na bibi waliotoka ibadani, wazazi wenye vitoto, watembeaji wenye matope miguuni na mbwa waliolala chini ya meza. Waimba kwaya wa kijiji chetu huja pamoja na kasisi wao. Sigara zimepigwa marufuku ndani tangu Julai 2007, na muziki, kama upo, haumzuii mtu kuzungumza. Mtu anaweza kuketi saa mbili na glasi moja ya juisi au kinywaji cha tangawizi, na hakuna atakayemtazama vibaya. Bia ya kienyeji inayopampwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililo chini ya sakafu ipo, nayo huuzwa kwa kipimo cha painti, mililita 568, lakini chai ipo pia.

Tena mama atafurahi akijua kwamba kanisa na nyumba ya bia vimekuwa majirani kwa sababu ya kihistoria. Katika Zama za Kati wanaparishi walikuwa wakipika bia wenyewe, wakaiuza siku za sikukuu, na mapato yakatumika kutengeneza paa la kanisa, kununua mishumaa na kuwasaidia maskini. Parishi nyingine zilijenga nyumba maalumu kando ya makaburi kwa ajili ya shughuli hizo, na baadhi ya nyumba hizo baadaye zikageuka baa. Waprotestanti wakali wa karne ya 17, walioitwa Wapuritani, walizipiga vita karamu hizo hadi zikafifia, lakini ramani ya kijiji ilikuwa imekwisha kuchorwa: kanisa hapa, baa hatua chache tu kutoka hapo. Kwa mtu aliyelelewa katika harambee na michango ya kanisa, hilo si jambo geni.

Agiza mapema, kwa simu, hata siku tatu kabla, kwa sababu chakula cha Jumapili hujaza nyumba na jiko hufungwa alasiri. Mwagizie nyama ya ng'ombe au ya kondoo iliyookwa, inayokuja na viazi vilivyookwa hadi vikakauka nje, karoti, kabichi, mchuzi mzito wa kahawia na kile kinachoitwa Yorkshire pudding, ambacho hakina sukari hata kidogo: ni unga, mayai na maziwa vilivyovimba katika oveni yenye moto mkali hadi vikawa kama bakuli jepesi la kuwekea mchuzi. Nyama ya kondoo huja na mchuzi wa nanaa na siki. Ile rojo nyeupe inayoletwa na nyama ya ng'ombe ni ya mzizi mkali unaopanda puani. Umwonye mama aonje kidogo kwanza. Mwombe pia mpishi apunguze chumvi kama daktari amemkataza, na asione haya, sisi wa jikoni hatuchukii kuombwa.

Mtumbatu anajibu:

Nami nitie neno kama Mwislamu wa Unguja ninayeishi London. Wenzangu kazini wamenialika mara nyingi katika baa za vijijini. Nimekwenda, nikala samaki, nikanywa maji, na nikarudi nyumbani na sala zangu zikiwa katika nyakati zake. Wengine wa imani yangu hawataingia kabisa mahali panapouzwa pombe, na msimamo wao ninauheshimu. Ninachotaka kusema ni kwamba kumuuliza mama mwenyewe, kwa maneno ya wazi, ni heshima kubwa kuliko kumwamulia, ama kumpeleka au kutompeleka.

Huko Greensted nimefika, nikavutiwa na ile miaka aliyoitaja Mkaazi wa Essex, kwa sababu msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yaliyochongwa katika matumbawe yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni sawa na 1107. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya baadaye sana, lakini maandishi yale yapo. Nilipoweka kiganja juu ya gogo la mwaloni niliwaza kwamba wakati seremala wa Essex akikata miti, fundi wa Kizimkazi alikuwa akichonga matumbawe, na kila mmoja alitumia kile alichopewa na ardhi yake. Mwambie mama hivyo, maana kwetu pia kuna mambo ya kale.

Viatu havivuliwi kanisani, kama kuna msomaji wa imani yangu anayejiuliza. Mlango ukiwa na komeo zito la chuma, zungusha pete yake na usukume kwa nguvu. Mara nyingi hauko kwenye kufuli, umekwama tu.

Mwalimu wa Lincoln anajibu:

Ushauri wa Greensted ni mzuri, lakini mimi nina pingamizi la upole. Livingstone hakuwa padri wa UMCA wala Mwanglikana. Ikiwa mama anataka kuona mahali hasa walikotoka waliomfundisha bibi yake, lazima siku moja aje huku Lincolnshire, kwenye tambarare za karibu na bahari, kati ya Skegness na Burgh le Marsh.

William Tozer, askofu aliyeihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh. Rafiki yake Edward Steere alianza kuwahudumia wavuvi wa Skegness wakati huo ikiwa bado kijiji tu, miaka kumi na kitu kabla ya reli kufika mwaka 1873, kisha akawa kasisi wa Little Steeping. Huyu Steere alikuwa amesomea sheria, lakini pia aliijua kazi ya uchapaji kwa mikono yake. Alipofika Unguja akaketi na wenyeji akajifunza Kiswahili, na mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia lugha pamoja na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili vilitoka London. Sisi tunaoandika hapa kwa Kiswahili cha Unguja kilichosanifiwa tunatembea, kwa kiasi fulani, juu ya njia aliyosaidia kuifyeka, ingawa wenye lugha ni wale waliomsimulia. Steere ndiye aliyelisimamia kanisa la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe lake la msingi likiwekwa Krismasi ya 1873, na amezikwa humo, nyuma ya madhabahu, tangu Agosti 1882. Na James Chuma, yule yule aliyesaidia kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, ndiye aliyeongoza msafara wa misheni kwenda Masasi. Kwa hiyo nakiri kwamba njia ya Ongar na njia ya Lincolnshire hatimaye zinakutana.

Makanisa ya huku ni ya mawe, makubwa kuliko vijiji vyake, kwa sababu Zama za Kati eneo hili lilitajirika kwa sufu ya kondoo. Na kwa kuwa umeuliza habari za baa, katika mji wa Wainfleet ulio karibu kuna kiwanda cha bia cha familia ya Bateman, kilichoanzishwa mwaka 1874, mwaka ule ule Steere alipowekwa wakfu kuwa askofu, nacho kina mnara wa kinu cha upepo unaoonekana kutoka mbali. Baa nyingi za vijiji hivi huuza bia yake.

Kutoka London ni treni hadi Grantham, kisha nyingine ya kwenda Skegness. Haiwezekani kwa raha kwenda na kurudi Jumapili moja. Lalani huku usiku mmoja.

MwanaMuheza anaandika tena:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza jambo litendeke. Mama amefika, na Jumapili iliyopita tumekwenda Ongar na Greensted. Nawashukuru kwa moyo wote.

Nilifuata shauri la Mtumbatu nikamuuliza waziwazi siku mbili kabla. Nilimweleza habari za parishi zilizopika bia ili kutengeneza paa, kama Shangazi alivyoandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Magila walichangia paa kwa kuuza machungwa, na kwamba angependa kuiona nyumba hiyo kabla ya kuihukumu.

Basi lilichelewa, hivyo tulianza kwa kupita barabara kuu ya Ongar. Mbele ya vile vyumba vya Livingstone mama alisimama muda mrefu. Kisa cha mahubiri yaliyopotea kilimgusa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa amefundisha miaka 34 na amewaona watoto wengi waliosimama mbele ya darasa wakakosa neno. Aliniuliza jina la yule mwalimu aliyekubali kijana aongezewe muda, akaliandika katika daftari lake. Njia ya mashambani tuliitembea kwa dakika arobaini na tano, tukipumzika mara tatu, na mtu mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama kumsalimu na kumweleza kwamba amebakiza hatua chache tu.

Kanisani hapakuwa na ibada saa hiyo, ila mlango ulikuwa wazi. Humo ndani mna giza la utulivu, kwa sababu mwanga huingia kwa madirisha madogo ya juu, na harufu ni ya mbao na nta. Mama alisali kwanza. Kisha akaenda ukutani, akapitisha vidole juu ya upande bapa wa magogo, akaniita. Baba yake, ambaye ni babu yangu aliyefariki kabla sijazaliwa, alikuwa fundi wa mashua Pangani. "Hizi ni alama za tezo," akasema, yaani kile chombo cha kuchongea mbao, akinionyesha vijibonde vifupi vilivyofuatana kama magamba ya samaki, na mahali ambapo fundi alibadili upande wa kusimama kwa sababu ya kifundo cha mti. Mimi nilikuwa nimeziangalia mbao hizo kwa robo saa nzima na sikuziona alama hizo. Alizifuata kutoka gogo moja hadi jingine, akakadiria kwamba waliofanya kazi hiyo walikuwa zaidi ya mmoja, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine. Sijui kama wataalamu watakubaliana naye, lakini nilimwamini.

Chakula cha mchana tulikula katika baa moja ya mjini, meza tuliyoagiza kwa simu. Nilikwenda kaunta, nikataja namba ya meza, nikalipa, na ndani ya dakika ishirini sahani zikaja. Ile fadhaa yangu ya miaka sita iliisha hapo, na ninakiri kwamba niliwadhania vibaya watu ambao huenda walikuwa wakinisubiri mimi. Mama alikula kondoo, akausifu mchuzi wa nanaa, akasema kile kibakuli cha unga na mayai kingefaa zaidi kwa maharage ya nazi. Alikunywa chai vikombe viwili. Meza ya jirani alikaa mzee mmoja na mkewe, ambao walisikia tukizungumza wakauliza ni lugha gani, na kutoka hapo mazungumzo yalikwenda hadi saa tisa na nusu, juu ya mbao, mashua, na kengele ya kanisa lao ambayo mzee huyo aliwahi kuipiga ujanani. Mama ndiye aliyewaeleza tezo ni nini, kwa mikono, juu ya kitambaa cha meza.

Mwalimu wa Lincoln, jina la Steere mama analifahamu tangu utoto, lakini hakujua kwamba aliwahi kuwa kasisi wa kijiji kidogo chenye jina na mahali pake kwenye ramani. Amekwisha kuahirisha safari ya dukani aliyopangiwa na dada yangu. Naomba unieleze kama kutoka kituo cha Wainfleet kuna usafiri wowote Jumapili wa kufika Little Steeping, au ni lazima tukodi teksi, na kama kuna nyumba ya wageni karibu isiyo na ngazi nyingi.